Ndege Aliyekaa Kitako

Sogeza kigoda karibu na jiko, nikutegee kimoja kabla chai haijachemka. Mwili mzima, mabawa mazima, miguu mitatu yote mizima. Hajaugua, hajachoka. Lakini kila ukimsimamisha anakaa kitako, pua juu, kama mgeni aliyekataa kuondoka. Amekosa nini?

Usijibu haraka. Na kama hujui, basi utanipa mji. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na katika nyumba hii hatujabadilisha: anayeshindwa anatoa mji, mwenye kitendawili anautembelea, anakula vya huko akashiba, akirudi ndipo anasema jibu. Mimi nimepewa Mombasa mara nyingi hata samaki wa huko wananijua. Nimepewa Kitale, nimepewa Nakuru, mjukuu wangu Wanza aliwahi kunipa Dubai na nikaenda. Ila kuna mtu mmoja ambaye tangu anioe hajawahi kunipa hata kijiji. Huyo ni Kaloki, mume wangu.

Kaloki ni mchongaji. Sisi ni watu wa Machakos, lakini tumekaa Kawangware muda mrefu hata plot yetu imebadilisha rangi mara nyingi. Nyuma ya nyumba, katikati ya ukuta wa hardware na ukuta wa saluni, ana banda lake la mabati. Hapo ametoa twiga, ametoa ndovu, ametoa vifaru wa kila umri. Jioni anajikung'uta vumbi la mti, anakaa, namwekea chai, namtegea kitendawili. Anajibu. Kama hajui, hasemi hajui. Ananyamaza, analala nacho, na asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu unamsikia, "Ni kivuli." Na kweli ni kivuli. Mji hatoi.

Halafu presha ikampiga. Mungu ni mwema, mdomo ulirudi, miguu ikarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki kama umelala na hautaki kuamshwa. Kule kliniki, yule dada wa mazoezi alituambia tumpe kazi ndogondogo za vidole. Sisi tukafika nyumbani na upendo wetu mwingi. Wanza akawa anamfunga vifungo vya shati. Mimi nikawa namwekea chai nusu kikombe ili asichomeke. Akitaka kuhamisha kiti, tunamkimbilia watu wawili. Mzee akawa anapokea tu, kama sanduku la sadaka.

Nikimtegea, anasema, "Syokau, niache leo." Hajibu. Mji pia hatoi. Nikawa nina vitendawili vimejaa kifuani kama mtu aliyekula viazi bila chai.

Siku moja akaingiza vifaa vyake vyote kwenye gunia, tezo, visu, patasi, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Akamwambia Wanza ampigie simu Mbithi. Mbithi ni mtoto wa dada yake, naye anachonga huko nyumbani Machakos.

"Mwambie vifaa ni vyake. Aje achukue."

Mbithi akauliza aje lini. Kaloki akasema, "Nitamwambia." Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Niliendelea kuchambua, lakini nikikuambia nilikuwa naona maharagwe nitakuwa nakudanganya. Mchongaji akishatoa tezo yake ndani ya nyumba, unabaki na nani?

Sasa, tuna rafiki yetu anaitwa Wesonga. Yeye ni wa upande wa Busia, anaishi Kibera, kule Silanga karibu na bwawa, ana kijishamba cha sukuma. Kabla ya kustaafu alikuwa anafagia ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson. Abiria wakishuka, yeye anapanda na ufagio. Kaloki hupenda kusema kwamba Wesonga amepanda ndege nyingi kuliko waziri na hajawahi kufika popote.

Wesonga akaja siku hiyo na sukuma kwapani, na boksi. Alikuwa ameliona soko la Toi, kwenye mitumba ya vitu vya watoto, halijawahi kufunguliwa. Nje kulikuwa na picha ya ndege ndogo, sawasawa na zile zinazopita juu ya Silanga zikienda kutua. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, kama maembe machanga kwenye tawi.

"Mkamba, nimekuletea mgonjwa mwenzako," akasema. "Huyu amekatwakatwa mwili mzima. Wewe ni mkono tu, kwa hivyo shukuru."

Kaloki akatazama. "Plastiki."

"Ndege."

"Ndege ya plastiki. Nimechonga mti maisha yangu yote, leo nicheze na kopo la mafuta?"

"Basi kaa hapo utazame. Nitaiunda mwenyewe. Mimi ndege nazijua."

"Wewe ulizifagia, hukuziunda."

"Na wewe ulichonga vifaru. Umewahi kuzaa kifaru?"

Wesonga akashika kipande cha kwanza, kimguu cha mbele, akakipinda huku, akakipinda kule, akakizungusha. Tap! Kikatoka kimevunjika katikati.

"We!" Kaloki akaruka kwenye kiti. Sijui kama unaelewa, huyo alikuwa mtu ambaye kwa wiki nyingi tulikuwa tunamwinua. "Hiyo ni kuku wa Krismasi? Kitu kidogo hakinyongwi. Kinakatwa!"

"Nikate na nini? Meno?"

Wanza alikuwa ndio anaingia kutoka kazini. Yeye anasuka na kupaka kucha hapo saluni. Akafungua mkoba wake akatoa kikata kucha, kibano na tupa ndogo ya kucha, akaviweka mezani mbele ya babu yake. Kaloki akaishika fremu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaupa kikata kucha. Kidole gumba kikatetemeka, kikateleza, kikatetemeka tena. Nikataka kumshikia. Wanza akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Susu, tulia," akaninong'oneza. Susu ni bibi kwa Kikamba.

Kak. Kipande kikaanguka kwenye kisahani, kizima.

Basi tukaingia kwenye hiyo kazi, kile kimguu kilichovunjika kikaungwa kwanza. Kila jioni meza inafutwa, boksi linafunguliwa. Kaloki anakata, anapiga msasa pale palipobaki kidonda, anakaza macho. Wesonga anatembea kutoka Silanga hadi kwetu ili abishane. Wanza alitafuta rangi ya maji kwa yule mchoraji wa mabango hapo stage ya 56, akawa ndiye fundi wa rangi. Rubani mwenyewe, mtu mdogo kama punje ya mahindi, alipakwa kofia nyeupe kwa burashi ya kucha, akawekwa kwenye kisahani akauke.

Lakini ilipofika zamu ya mabawa, rangi ikakataa.

"Hii kitu inanikimbia," Wanza akasema. "Ona, kama maji kwa jani la nduma. Susu, rangi imeharibika?"

Tukaonja kwenye karatasi, rangi iko sawa. Tukarudi kwenye bawa, inakimbia. Kaloki akakohoa.

"Niliipaka mafuta."

"Mafuta gani, babu?"

"Ya kupikia. Kidogo tu."

Unaona, kinyago cha mti ukimaliza kukipiga msasa unakipaka mafuta, kinang'aa, ndipo unasema kimekwisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekumbuka hilo kabla yeye mwenyewe hajakumbuka kwamba hii si mti. Wesonga alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Ulitaka kuikaanga!" Akanigeukia mimi. "Mama Kasyoka, leta na kitunguu!"

Tukaosha vyote kwenye beseni kwa sabuni, kama vijiko, tukavianika kwenye kitambaa. Wanza mwenyewe akaona tone la rangi limeangukia mkia, akalifuta na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mkia ukalainika kama mshumaa, alama ya kidole chake ikabaki pale. Akataka kulia. Kaloki akachukua tupa, akausugua taratibu mpaka alama ikaisha, ukabaki mwembamba kidogo kuliko ule wa kwenye picha.

"Sasa tuko sawa," akasema. "Mimi nimekaanga, wewe umeyeyusha."

"Na mimi nilinyonga," Wesonga akasema. Tukacheka wote, Kaloki akiwemo.

Ikabaki kuufunga mwili. Mwili wa ile ndege ulikuwa nusu mbili, kushoto na kulia, kama ganda la njugu. Kulikuwa na karatasi ya maelezo, maandishi yake ya nchi za mbali, yamejengwa kama vibanda, hakuna aliyeweza kuyasoma. Lakini picha zilikuwepo, moja baada ya nyingine. Kaloki alitaka tuzitazame.

"Picha ni za watoto," Wesonga akasema. "Nimekaa ndani ya ndege miaka yangu yote. Viti hapa, usukani hapa, funga."

Wakafunga. Walitumia supaglu ya hardware, na wakavibana vioo vya madirisha kwa hiyo hiyo. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vimepata ukungu mweupe, kama dirisha la hoteli chai ikichemka. Tukasema si kitu, watu wa ndani wanataka faragha. Kaloki akaibeba ndege yake kwa mikono miwili akaisimamisha katikati ya meza, miguu mitatu chini. Akaiachia.

Pua ikaanza kupanda, polepole, kama mtu anayenusa harufu ya nyama kwa jirani. Mkia ukashuka. Ti! Ikakaa kitako.

Akaisimamisha tena. Ti!

Mimi nikaona ndio nafasi yangu, nikamtegea hicho nilichokutegea wewe. Mwili mzima, mabawa mazima, miguu mitatu yote mizima, hajaugua, hajachoka, lakini amekaa kitako. Amekosa nini? Nilidhani atacheka. Uso wake ukafunga.

"Hata plastiki imenishinda," akasema. "Wanza, mpigie Mbithi. Mwambie aje Jumamosi hii."

Akaisukuma ndege kando, akaenda kulala na jua bado liko nje.

Siku hizo mpaka Jumamosi nyumba ilikuwa baridi. Ndege ilikaa juu ya kabati, pua juu, inatutazama. Nikarudi kumwekea chai nusu kikombe. Lakini nilimwona. Akipita hapo kabatini anausukuma mkia juu kwa kidole, anautazama ukirudi chini, anaendelea na njia yake. Mtu ambaye hana haja na kitu hakisukumi kwa kidole.

Jumamosi asubuhi Wesonga akaja mapema. Alisema ameleta sukuma, lakini alikuwa amekuja kuaga vile vifaa, na macho yake hayakudanganya. Wanza alikuwa anasafisha meza. Akaiokota ile karatasi ya picha ili aitupe, akasimama nayo.

"Babu, hiki ni nini?"

Ilikuwa picha ya nusu moja ya mwili, imelala wazi. Kule mbele kabisa, ndani ya pua, walikuwa wamechora kidonge cheusi na mshale unakielekea.

"Hicho hakikuwa kwa boksi," Wanza akasema. "Nilihesabu kila kitu."

Wesonga akaisogeza karatasi machoni, akaisogeza mbali. Kisha akajipiga kofi la paji la uso hata mimi nikaumia.

"Mama yangu! Uzito! Huo unatafuta mwenyewe! Pale Wilson tulikuwa tunawasikia wapakiaji wakipigiwa kelele, msijaze mizigo nyuma kwanza, ndege itakaa kitako!"

"Na unakumbuka leo?" Kaloki akasema.

"Mimi nilikuwa mfagiaji, si mpakiaji!"

Kaloki akaichukua ndege kutoka kabatini. Akaipima mkononi, juu, chini, kama mtu anayepima boga sokoni.

"Ni tupu," akasema, na nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. "Kifaru wangu ukimchonga, kichwa chake ni kizito kwa sababu ni mti hadi ndani. Mti unazaliwa na uzito wake. Sijawahi kuchonga mnyama mtupu, nitajuaje kwamba kichwa chake kinataka kuwekewa?"

"Tuweke kijiti cha kiberiti chini ya mkia," Wesonga akasema. "Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Ama tubandike kitu hapa nje kwa pua," Wanza akasema.

"Awe na jipu? Hapana. Tunamfungua."

"Na supaglu yote ile? Utamvunja, Mkamba."

Kaloki akasema, "Gunia."

Nikainuka haraka, nikaenda kuinama kitandani. Akaja nyuma yangu.

"Syokau. Hilo gunia ni la nani?"

"Lako."

"Basi nipishe."

Nikasimama kando. Akapiga magoti, akalivuta, kushoto kukivuta na kulia kukisaidia, akalileta mpaka mezani likikwaruza sakafu. Akachagua kisu kidogo kuliko vyote, kile cha macho ya twiga. Akakinoa. Kisha akaanza kuufuata ule mshono, chini ya tumbo, kidogo kidogo, anatia ncha, anapumzika, anatia ncha. Mkono ukikakamaa anauweka mezani kama mtoto aliyechoka, anaungoja, anauchukua tena. Kak! Ule mwili ukafunguka kama njugu, nusu huku, nusu huku, haukuvunjika popote.

Wanza akachungulia ndani. Akachungulia tena.

"Na rubani?"

Rubani alikuwa kwenye kisahani, chini ya boksi, na kofia yake nyeupe, amelala chali akingoja tangu siku tulipompaka rangi. Kwa sababu ya ule ukungu wa vioo hakuna aliyejua kwamba ndege haina mtu.

"Ona huyu," Wesonga akasema. "Tulifunga milango, dereva yuko nje anakula lanchi!"

Sasa kazi ikaenda kama ilivyostahili. Wanza akakimbia kwa fundi wa pancha hapo stage, akarudi na vipande vya ile risasi wanayobandika kwenye gurudumu la gari lisiyumbe. Kaloki hakugusa gundi. Aliweka kipande kimoja ndani ya pua, akazifunga zile nusu mbili kwa raba za nywele, akaisimamisha. Ti! Kitako. Akafungua, akaongeza kipande. Pua ikasita, ikafikiria, ikabaki chini. Hapo ndipo akaishikiza ile risasi kwa nta ya mshumaa isije ikacheza ndani kama jiwe kwenye kiatu. Rubani akapandishwa kitini kwa kibano, mkono wa kulia ndio uliompandisha. Vioo vikasuguliwa kwa dawa ya meno na kidole, duara, duara, mpaka ukungu ukaisha, vikabandikwa na gundi nyeupe ya watoto wa shule ambayo haina moshi, ndipo mwili ukafungwa kwa hiyo hiyo, raba zikaubana mpaka ikauke. Mimi nikamwekea chai, kikombe kikajaa hadi ukingoni kwa sababu nilikuwa natazama ndege. Akakiinua mwenyewe, hakikumwagika.

"Hodi humu!"

Alikuwa Mbithi, na vumbi la safari.

"Karibu, ingia," nikasema.

"Mjomba, habari ya hapa? Nimekuja na boda, inangoja nje kwa geti. Mzigo uko wapi?"

Gunia lilikuwa sakafuni limefunguka mdomo, vifaa nusu vimetoka. Kaloki alikuwa anachomoa raba za nywele moja moja, hakuinua kichwa.

"Kaa, unywe chai," akasema.

"Mjomba, boda inangoja."

"Nayo ikae kitako."

Mbithi akakaa. Raba ya mwisho ikatoka. Kaloki akaishika ndege kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza, akaiachia. Tulisubiri ile ti. Haikuja. Ikasimama kwa miguu yake mitatu, pua mbele, na ndani ya kioo unamwona bwana mwenye kofia nyeupe anatazama upande wa mlango kama anayejua njia.

Wanza akapiga makofi. Wesonga akavua kofia. Mimi nilikuwa na jambo langu, na nilikuwa nimelishikilia vya kutosha.

"Kaloki," nikasema. "Una deni langu la tangu juzi. Mwili mzima, mabawa mazima, miguu mitatu mizima, na amekaa kitako. Nilikuuliza amekosa nini. Nipe jibu ama nipe mji."

"Mpe Busia yaishe," Wesonga akamnong'oneza. "Atakula samaki huko, arudi."

Kaloki akakipangusa kile kisu kidogo kwenye suruali. Hakukirudisha kwenye gunia. Akakiweka kando ya kikombe chake, akakinyoosha, akanitazama. Macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya mtu anayefunga kamba za viatu.

"Mzigo," akasema.

Mbithi akainuka haraka. "Ndiyo, mjomba. Uko wapi?"

"Wewe kaa, namjibu mke wangu. Alikosa mzigo. Na mji simpi."